Ya moto au ya baridi?

Nimeingia baa ya mtaani kwetu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka arobaini na tatu, ingawa nimekuwa mteja wake tangu darasa la tatu.

Kwetu ni Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Baa iko nyumba ya tatu kutoka kona, na ubavuni ina dirisha dogo la nondo. Jioni baba, fundi cherehani, Mungu amrehemu, alikuwa ananipa kikapu chenye chupa tupu mbili na maagizo yaleyale: "Gonga dirisha, sema Safari mbili za moto. Usiingie ndani." Siku hizi ukimtuma mtoto bia utasemwa, na watakaokusema watakuwa na haki. Mimi kilichonisumbua ni huo moto. Njiani nilikuwa naishika chupa nikingoja iniunguze. Haiunguzi. Nikawa naamini kila siku tunaibiwa.

Sasa wiki iliyopita nimeshuka stendi ya Kange jioni, basi la kutoka Dar limenikausha, mama yuko msibani Muheza na ufunguo kaondoka nao. Nampigia, ananiambia nimsubiri kwa jirani. Jirani ni baa.

Nje kuna baiskeli nne, moja imefungwa kwa mnyororo kwenye mguu wa benchi. Ndani ni meza za plastiki, kreti zimepangwa karibu na dari, kaunta imezungushiwa nondo kama ofisi ya kukatia tiketi. Nikalitafuta dirisha langu. Liko nyuma ya kaunta, na chini yake kuna stuli. Kumbe aliyekuwa ananihudumia alikuwa amekaa! Miaka yote ile nilimjua kwa mkono tu: unatoka na bangili tatu za plastiki, unapokea chupa tupu, unazigeuza kutazama kama hazijamegeka mdomo, ndipo unatoa zilizojaa.

Nikavuta kiti chini ya feni. Mhudumu akaja mbio.

"Kaka, samahani, hapo pana mwenyewe."

Kiti chenyewe hakina jina wala kitambaa. Nikahamia cha ukutani, karibu na choo, mahali pa wageni.

"Ya moto au ya baridi?"

Dar huwa najibu baridi kabla swali halijaisha. Pale nikasita, nikasema ya moto. Akaifungua, akakirudisha kizibo juu ya mdomo kuzuia nzi, akaondoka. Sitawadanganya: bia ya moto kwenye joto la Tanga ni kama dawa ya kikohozi yenye povu. Nilikunywa kwa heshima ya marehemu.

Mwenye kiti aliingia jua likizama, akisukuma baiskeli yake mpaka ndani, akaiegemeza kwenye kreti. Mzee mwembamba, fulana nyekundu na nyeupe ya Coastal Union, timu yetu ya Tanga, imepauka mpaka imekuwa waridi. Hakuagiza. Chupa ilimfuata, haina jasho hata tone. Adhana ya magharibi ilipoanza, mhudumu akapunguza redio bila kuambiwa na mtu, wote tukanyamaza na chupa zetu mkononi. Ilipokwisha akaongeza sauti, maneno yakaendelea pale yalipokatikia.

Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama muda.

"Mwana wa nani wewe?"

Nikamtajia cherehani na barabara. Akapiga paja. "Yule wa za moto! Alinishonea suruali ya harusi, mguu mmoja mrefu."

Nikamuuliza kwa nini wao walipenda za moto. Akasema nani kapenda? Miaka ya themanini bia ilikuwa ya mgao. Kreti likishuka kwenye gari halifiki kwenye friji, watu wanalimalizia mlangoni. "Ukisubiri ipoe, unalala na kiu." Makaburu wa Afrika Kusini walipoingia ubia kwenye kampuni ya bia, 1993, bia zikajaa na mafriji yakaja, lakini koo zao zilishazoea. Hayo ni ya kwake, sijayahakiki, ila yamenikaa kuliko maelezo yoyote niliyowahi kupewa. Kisha akahamia 1988, Wagosi wa Kaya, yaani Coastal, walipochukua ubingwa wa Bara, na huko hakutoka tena. Meza ya pili kulikuwa na mtu wa African Sports, watani wao wa hapahapa Tanga. Sitasimulia.

Bili pale haina karatasi. Mhudumu anahesabu chupa tupu zilizobaki mezani, basi usije ukaziondoa kwa usafi wako. Zangu tatu, mbili za mzee.

Mama akapiga, kafika. Nikaagiza mbili za kuondoka nazo, za baridi safari hii.

"Chupa tupu unazo?"

Sikuwa nazo. Nikaacha pesa ya chupa, nikatoka huku mzee ananiita mshona suruali mbovu.

Asubuhi mama alizikuta tupu chini ya meza, akazitia kwenye mfuko bila neno, akanikabidhi. Mlango wa baa ulikuwa wazi, mhudumu anapiga deki. Mimi nimezunguka ubavuni, nimeinama, nagonga dirisha.

"Kaka," akaniita kutoka mlangoni, fagio mkononi, "huko unamgongea nani?"