Gari la kuvuta nyuma ya Coaster, mimi nimeishia kwa Escudo kuukuu

Watu wakiona Coaster yetu inapita na ka-Suzuki Escudo kamefungwa nyuma wanadhani kamekufa. Pale Kayabwe boda mmoja alinifuata akipiga honi weee, eti ana fundi wake hapo karibu. Jamani, hakana ubovu wowote! Ndo gari letu la kuingilia mjini na porini, maana Coaster tumeshaigeuza nyumba, ina vitanda na jiko la gesi na tangi la maji, sasa kila ukitaka maziwa ya chai uanze kufunga nyumba nzima uiendeshe dukani?

Mwanzo tulivuta gari la mama watoto, dogo, automatiki, na halikuwahi kutulaza njiani hata siku moja ndo maana tukaliamini. Fundi akaniambia, "Mzee weka nyutro, toa handibreki, nenda." Tukatoka Kampala asubuhi, kufika Lukaya tukasimama kununua gonja, zile ndizi za kuchoma, wale vijana wakaja mbio na vijiti vyao vya kuku kama kawaida, ila mmoja badala ya kuninyooshea kuku ananyoosha kidole nyuma. Moshi. Nikashuka nikainama chini ya gari, ile oili nyekundu ya gia boksi imeshakuwa nyeusi, inadondoka kwenye lami na inanuka kama maharage yaliyoungulia sufuriani. Safari ikaishia hapo, kuku nikanunua hivohivo.

Kumbe kwenye automatiki nyingi pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini ukizima pampu imelala, lakini magurudumu yanazunguka na vyuma vya gia boksi vinazunguka nayo, vikavu. Nyutro haizuii hilo. Kwa hiyo ukitafuta gari la kuvuta usiulize kama linawaka kila asubuhi, uliza kama magurudumu yake manne yanaweza kuzunguka siku nzima injini ikiwa imelala na kusiungue kitu. Ni maswali mawili tofauti kabisa na mimi nilijua la kwanza tu.

Kuna wanaonyanyua magurudumu ya mbele kwenye katrela kadogo, kwa gari ambalo injini inazungusha magurudumu ya mbele inafaa, lakini ukifika unapolala hako katrela utakaweka wapi? Mimi sikutaka. Nikaenda kwa Escudo ya zamani, ile ya miaka ya 90, manyo, yaani gia za mkono, yenye kile kijiti cha pili cha transfa, lile boksi linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya mbele na nyuma: 2H, 4H, N (nyutro), 4L. Ukiweka transfa kwenye N, propela, zile shafti za kwenda kwenye magurudumu, zinazunguka zenyewe na gia boksi inabaki imelala. Halafu ni kepesi, tani moja na kidogo, na hilo ni muhimu sana kwa sababu breki ni za Coaster peke yake, kashuke mteremko wa Kanaba kwenda Kisoro ndo utanielewa.

Shida ni kwamba tangu 2018 gari lililofikisha miaka 15 haliruhusiwi kuingia Uganda, kwa hiyo ya zamani hivo unanunua iliyo hapahapa, imeshachoka kwa mikono ya watu. Mimi niliipima hivi: injini imezimwa, gia ya kwanza, transfa N, nikaita vijana wawili wasukume. Ikienda laini, sawa. Ya kwanza niliyoonyeshwa iligoma, kijiti kinasema N lakini ndani bado imeshika, mwenye gari akaanza kuniambia habari za rangi mpya.

Ufunguo unaachwa kwenye swichi ili usukani usijifunge, na fyuzi ya redio natoa betri isiishe. Kila kama kilomita 300 nasimama nawasha injini ya Escudo dakika moja, transfa ikiwa N na gia imeingia, oili ipande ndani ya transfa. Kwangu hiyo ni Mbarara, tunakunywa na chai.

Ila kurudi rivasi sahau. Magurudumu ya mbele yanajikunja yanakotaka na chuma cha kuvutia kinaanza kupinda. Majuzi nimeingia njia siyo karibu na ziwa Bunyonyi, ikabidi nifungue ka-Escudo gizani mvua inanyesha, mama watoto ameshika tochi na hasemi kitu.