Mabaki ya kitambaa

Mafundi cherehani tuna sifa mbaya mjini, na tumeitafuta wenyewe. "Njoo kesho" imekuwa salamu yetu. Mita nne zinaingia, gauni linatoka, na kipande kilichobaki kimeshakuwa foronya nyumbani kwa fundi. Mteja anajua, anaguna, ananyamaza. Kwa hiyo mtu wa kanisani akiniuliza namna ya kumshuhudia jirani, naanza na mabaki ya kitambaa, na wengine hudhani natania.

Nashonea barazani, Ngamiani, hapa Tanga. Wateja wangu wengi ni Waislamu. Nguo ikiisha nakunja mabaki, hata kama ni viraka tu, natia mfukoni pamoja na nguo. Swali huja papo hapo: "Fundi, na hivi vipi?" Nasema ni vyako. Wengi wanacheka na kwenda zao. Wachache wanachokonoa zaidi, na hapo sioni haya: mimi ni mfuasi wa Yesu, na hajaniruhusu kuiba, hata robo mita.

Dada mmoja wa kwaya aliwahi kuniletea vipeperushi nigawe wakati wa kupima, eti ndipo mteja ametulia. Ametulia wapi? Mtu ameinua mikono, futi kamba imemzunguka kifuani, atakimbilia wapi? Huko ni kumteka mtu. Petro, katika waraka wake wa kwanza, anataka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, tena kwa upole. Basi tuulizwe kwanza.

Ila na wale wanaosema matendo yanatosha, mdomo ukae kimya, sielewani nao. Hupenda kumtaja Dorkasi wa Yafa. Ni kweli, katika Matendo sura ya 9 hatusikii neno lake hata moja. Amekufa, na wajane wanamwonyesha Petro nguo alizowashonea. Lakini sura hiyo hiyo inamtaja kwanza kuwa mwanafunzi. Sidhani watu wa Yafa walilijua hilo kwa kutazama pindo. Paulo naye alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, na kila sabato alikuwa kwenye sinagogi akihojiana na watu.

Mwaka juzi, Ramadhani ikielekea ukingoni, mama mmoja alikuta nimefunga kazi Jumapili, nguo za Idi zimerundikana. Kesho yake akanijia juu: "We fundi, hela huzitaki?" Nikamweleza habari ya Jumapili yangu, nikamwahidi Alhamisi. Alhamisi alizikuta zimepigwa pasi. Akavuta kigoda, akauliza, "Huyo unayemwendea Jumapili, huwa anakujibu?"

Nikamsimulia mwaka niliofiwa na mume wangu, cherehani imefunikwa shuka, sina hamu hata ya kutunga uzi. Akina mama wa jumuiya walikuwa wakija, hawasemi mengi. Mmoja anaosha vyombo, mwingine anachota maji. Usiku mmoja nikamwambia Yesu kwamba nimechoka, nikalala mpaka asubuhi, mara ya kwanza tangu msiba. Sikuwa na kubwa zaidi ya hilo la kumpa yule mama.

Akasema kwao Nabii Isa anaheshimiwa sana, akanisimulia habari za Maryam jinsi zilivyo katika Kurani. Nilimsikiliza mpaka mwisho; naye alikuwa ananishuhudia, na nisingependa akatishwe. Ndipo akataja kwamba binti yake amelazwa. Nikamwomba ruhusa nimwombee. Niliomba kwa sauti, kwa jina la Yesu, maana kulimeza jina hilo ili nimpendeze ingekuwa hila. Akaitikia amina.

Hajabadili dini. Ramadhani iliyofuata alinitumia tambi na kaimati, na vitambaa vya wajukuu watatu.

Sasa nina kijana ninayemfundisha kazi, ameokoka karibuni na ana moto. Nimemwambia akiulizwa asichokijua, aseme hajui. Juzi mteja akamuuliza Mungu anakuwaje mmoja na nafsi tatu. Kijana akajibu, "Mzee wangu, hilo mpaka nimuulize mchungaji." Mzee akaondoka anacheka. Jumatano akarudi, na kabla hata ya salamu akadai jibu lake. Suruali ilikuwa tayari. Jibu tukamwambia aje kesho.