Teksi ya Guangzhou na noti ya mia

Mwaka 2018 nilienda Guangzhou kufuata mikoba ya kike, na kilichonichanganya kule sio Kichina wala chakula, ni kulipa. Wenyewe hela hawashiki, hata bibi muuza viazi vitamu vya kuchoma ana karatasi ya QR inaning'inia kwenye mkokoteni, mtu anaskani na WeChat, ile app yao ya simu, anasepa. Sasa enzi hizo bila akaunti ya benki ya China hiyo WeChat Pay unaisikia tu, haya mambo ya kuunganisha Visa ya nyumbani yameshika kasi 2023, kwa hiyo sisi wa kupita ni mabunda ya yuan kiunoni na jasho.

Dada mmoja wa Kariakoo, mzoefu, ndio alikuwa ananitembeza. Asubuhi pale mapokezi akaniambia mdogo wangu toa noti zako zote za yuan mia, akazitandaza mezani upande wa namba akazipiga picha. Nikasema moyoni huyu dada ana mambo.

Jioni tukapanda teksi kutoka soko la ngozi Sanyuanli kurudi Xiaobei. Nampa dereva mia, anainama kidogo kama anatafuta chenji, mara anairudisha anatikisa kichwa, eti feki. Naigusa kwenye kola ya Mao, yule mzee wa kwenye picha ya noti, noti halali pale ina mikwaruzo unaisikia kabisa kwa kidole, hii laini kama karatasi ya daftari, na ile 100 ya katikati ukiinamisha inatakiwa itoke dhahabu iwe kijani, wapi, imekaa vilevile. Nikajua yule wa kubadilisha hela kanipiga, mkono ushaingia kiunoni kutoa nyingine (mia ni kama elfu 34 za kwetu wakati ule), dada akanidaka.

"Subiri, usitoe kitu."

Akalinganisha namba na picha zake, haimo, yaani dereva kaibadilisha. Akamsogezea dereva simu, anagonga kioo kwa kucha tu, hasemi neno. Jamaa akaongea weee, sauti juu, dada wala, akageuza simu akapiga picha kitambulisho cha dereva kilichokuwa pale dashibodi. Hapohapo mia yetu ikaonekana, eti ilidondoka chini ya siti!

Nauli yuan 20 na kitu, chenji ikaja na risiti juu. Dada akazisugua kola zote, moja moja, ndio akafungua mlango.