Namba ya OB niliyoiandika nyuma ya risiti

Ijumaa ile mdogo wangu alikuwa maskani na wenzake wanakunywa kahawa, saa kumi na moja jioni hivi, landrova ya polisi ikaja ikawazoa wote na hakuna hata mmoja aliyeambiwa kosa lake. Mimi nilipigiwa simu na jirani. Nikafika kituoni (hapa hapa Mombasa, kituo sikitaji) na flaski ya chai mkononi, cha kwanza nilichokiona juu ya kaunta ni mkanda wake na kamba za viatu ndani ya bahasha ya kaki, moyo ukanipasuka paa.

Nikasema, afande, naomba namba ya OB, yaani ya lile daftari la polisi la kuandikia matukio. Akaniuliza, dada, kwani wewe ni wakili? Nikamwambia la, mimi ni dadake, lakini namba naiomba. Akaligeuza lile daftari kubwa nikaona wameandika saa tatu kasoro usiku! Yaani karibu saa nne walizozungushwa mjini ndani ya gari hazipo kabisa, kwa daftari ni kama hazikutokea. Nikatoa risiti ya duka la dawa kwenye mkoba nikaandika nyuma yake ile namba, saa waliyoandika wao, saa aliyonipigia jirani, na jina lililokuwa kifuani mwa yule afande.

Halafu mtu akanivuta pembeni akaniambia toa elfu tano atoke usiku huu. Risiti je? Hakuna risiti. Jamani, bondi ya polisi, yaani ahadi unayotia saini kwamba utafika ukiitwa, ni bure. Na kama ni dhamana ya pesa taslimu basi lazima upewe risiti ya serikali, na hiyo pesa hurudishwa kesi ikiisha. Sikutoa. Mama alinilaumu sana usiku ule na sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu mwanawe alilala chini kwenye saruji hadi Jumatatu.

Mbona Jumatatu na katiba inasema masaa 24? Hapo ndipo wengi tunapojichanganya. Kifungu cha 49 cha katiba ya 2010 kinasema ufikishwe kortini kabla masaa 24 hayajaisha, lakini masaa hayo yakiishia siku ambayo korti haifanyi kazi basi ni mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndio maana watu wanakamatwa Ijumaa jioni, hii kamatakamata ya Ijumaa tunaijua sote. Lakini kifungu hicho hicho kinasema uambiwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, umekamatwa kwa nini, una haki ya kunyamaza, na una haki ya kuwasiliana na wakili na mtu wa kukusaidia. Hayo hayangoji Jumatatu. Na ukifika kituoni wakakwambia mtu wako hayupo na wewe unajua yupo, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri aletwe mbele ya jaji, hiyo inaitwa hebiasi kopasi na katiba inasema haiwezi kuwekewa mipaka.

Alishtakiwa kuleta fujo. Miezi mitano tukaenda, tukarudi, mashahidi wa polisi hawaji, mwisho hakimu akamwachilia kwa kifungu cha 210 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, yaani hana kesi ya kujibu. Ulizeni kifungu! Ingekuwa 87(a), kesi imeondolewa tu na polisi wanaweza kuirudisha, 210 umefutiwa mashtaka kabisa.

Nyumbani kila mtu akasema alhamdulillahi, tumuachie Mungu. Mimi nilikataa, na ninachotaka mnisikilize ni hiki, ukitaka kuidai serikali fidia kwa kukamatwa na kufungiwa bila sababu, kwa kesi ya kawaida ya madai sheria inakupa miezi 12 tu. Wewe hesabu tangu siku ya kukamatwa usije ukajidanganya. Watu wanapoteza haki yao wakingoja hasira zipoe. Ya kushtakiwa kwa hila ni dai lingine, linahesabiwa tangu kesi iishe upande wako, ila ni gumu zaidi maana kuachiliwa peke yake hakutoshi, lazima uonyeshe hawakuwa na sababu ya msingi na walikuwa na nia mbaya.

IPOA pia tulienda, ile mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, wana ofisi hapa Mombasa, kupeleka malalamiko ni bure. Wao wanachunguza askari na wanaweza kupendekeza ashtakiwe, lakini fidia hawalipi, hiyo ni ya korti. Na kama huna pesa ya wakili jua kuwa kwa kesi ya kuvunjiwa haki za katiba, kanuni za mwaka 2013 zinazoitwa za Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu, zinairuhusu korti kupokea hata barua ya kawaida, na kufungua kesi kama hiyo katiba yenyewe inasema usitozwe ada.

Wakili alipoiona ile risiti ya duka la dawa alinyamaza kidogo, akaitoa kopi mara mbili, akaniambia hii usiipoteze, ndiyo inayoonyesha zile saa nne. Tumefungua kesi mwezi wa tisa tangu akamatwe. Mdogo wangu ameanza tena kwenda maskani, ila gari lolote likisimama ghafla anainuka.