Kilo 60 chini ya kilo 90

Wengi wanaoanza jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukabana na kubana viungo mkiwa chini, hapa Dar wanakuja na swali moja: mtu wa kilo 60 anamtoaje wa kilo 90 aliyemkalia kifuani?

Kosa la kila mgeni ni kumsukuma kwa mikono iliyonyooka. Hapo umempa kiwiko. Atakinyoosha kupita mwisho wake. Bana viwiko mbavuni. Ukumbatie mkono wake mmoja kifuani, ufunge mguu wake wa upande huohuo kwa unyayo wako, kisha inua nyonga juu kabisa na ugeukie bega la upande huo. Hana pa kujiegemeza, anabiringika. Ukisahau mguu, ataukanyaga pembeni na hamtoki hapo.

Raha nyingine ya mchezo huu: hakuna ngumi, kwa hiyo mnapambana kwa nguvu kweli, na ukibanwa unampigapiga mwenzako kwa kiganja, anaachia. Pigeni mapema jamani, goti likisokotwa linachelewa kuuma na likishachanika kupona ni miezi.

Na kwa joto letu hili la Februari, vazi lifuliwe kila baada ya mazoezi, kucha ziwe fupi. Fangasi wanapenda sana mkeka wenye jasho.