Maiki za madrasa: sauti ya ustadhi imepatikana

Ijumaa usiku

Nimerudi kutoka Ujiji roho haijatulia. Jioni tulikuwa na mazoezi ya maulidi kwenye uwanja wa madrasa, na ile seti yangu ya maiki mbili zisizo na waya imenipa matatizo mawili yanayopingana. Ustadhi alivaa ya kubana kifuani, akasikika mpaka safu ya pili tu. Akina mama waliokaa chini ya mwembe walikuwa wanaulizana kasema nini. Vijana wa kaswida waliposhika ya mkononi, sauti ilipasuka kama bati linaloburutwa, hata feda yao (kitelezi cha sauti kwenye miksa) niliposhusha karibu na chini kabisa. Nikampandishia ustadhi kwenye miksa: kilichopanda ni mvumo wa "shhh", halafu mluzi.

Mtu aliyesomesha watoto maisha yake yote kwa sauti ya upole huwezi kumwambia apaze. Mitambo ndiyo imfuate yeye.

Jumamosi

Nimetandaza vyote mezani nyumbani. Sauti inapita vituo vinne: mdomo hadi maiki, transmita ya kiunoni inayorusha sauti hewani, risiva inayoipokea, kisha miksa. Karibu kila kituo kina mahali pake pa kupandisha na kushusha, na jana nilihangaika na kile cha mwisho peke yake.

Nimemvalisha mdogo wangu ile ya kifuani asome gazeti kwa sauti ya kawaida, mimi macho kwenye taa za risiva. Taa za mawimbi zote zimejaa, kwa hiyo antena na masafa havina neno. Taa za sauti: moja tu ya kijani, inawaka na kuzima. Yaani sauti inafika kwenye risiva ikiwa tayari imenyong'onyea. Hapo miksa haina hatia.

Nikafungua mlango wa betri wa transmita. Pembeni ya betri kuna tundu dogo, na ndani yake skrubu ya usikivu wa maiki, ndogo kuliko punje ya mtama. Nimeingiza bisibisi ya saa: ilikuwa imezungushwa kushoto mpaka mwisho, yaani chini kabisa. Aliyeniuzia alikuwa akiitumia kwa mwimbaji wa bendi, na kwa mtu wa kupiga kelele hapo ndipo mahali pake. Nimezungusha kulia kidogo kidogo huku dogo akisoma, mpaka taa ya njano ikawa inagusa kwenye maneno mazito na nyekundu haiwaki kabisa.

Ndiyo maana "shhh" ilipanda pamoja na sauti. Maiki za analogi za aina hii hubana sauti kabla ya kuirusha hewani, risiva ikaifungua tena. Ukiirusha ikiwa dhaifu, inakaribiana na kelele za hewani, na kuanzia hapo ukipandisha unapandisha vyote viwili.

Betri nazo nimezijaribu, maana watu wengi hapa wakisikia sauti ndogo hukimbilia kubadilisha betri. Kwenye seti hii zikichoka sauti hukatika na kukwaruza, haipungui taratibu. Za kuchaji zina volti 1.2 na za kawaida 1.5, mshale wa betri unaonyesha chini kidogo, lakini sauti ni ileile.

Jumapili asubuhi

Zamu ya maiki ya mkononi. Dogo kaimba kaswida kwa nguvu zake zote, na risiva haikufika nyekundu hata mara moja. Lakini taa ya kuzidiwa kwenye miksa iliwaka bila kuzima. Basi ugonjwa uko kati ya risiva na miksa, kwenye waya mmoja wa mita mbili!

Nyuma ya risiva kuna swichi ndogo ya kuchagua kiwango cha kutoa, cha laini (sauti yenye nguvu) au cha maiki (sauti dhaifu). Ilikuwa kwenye laini, na waya umeingia mlango wa maiki. Kiwango cha laini cha mitambo ya kazi ni kama volti 1.23, na mlango wa maiki unatarajia milivolti chache. Kushusha feda hakungesaidia kitu, kwa sababu feda inakuja baada ya mlango: sauti iliyokwisha kupasuka mlangoni, ukiipunguza inabaki imepasuka, ila ndogo. Nimerudisha swichi kwenye maiki, geini (kitufe cha kupandisha sauti hapo mlangoni mwa miksa) nimeifungua upya kutoka chini kabisa. Safi kabisa.

Jumatano, Ujiji

Nimefika mapema kabla ya alasiri. Nimemwamkia ustadhi, nikamwomba asihesabu moja-mbili, asome kama atakavyosoma siku yenyewe, kwa sababu mtu akijaribu maiki hutumia sauti ambayo hataitumia tena.

Hapo nikaona jambo ambalo mezani nisingeliona. Alikuwa anaibana maiki kwenye pindo la koti, chini, shubiri mbili kutoka kidevuni. Nimeipandisha ikabaki shubiri moja. Umbali ukipungua nusu unapata kama desibeli 6 bila kugusa kitufe chochote, na mluzi haupati nafasi. Skrubu nikairudisha nyuma kidogo.

Vijana walipoanza na dufu, taa nyekundu ya risiva iliwaka, maana uwanjani wanaimba kwa nguvu kuliko dogo chumbani. Transmita yao ina swichi ya kupunguza desibeli 10, nimeiwasha, ikatulia. Nimewakataza pia kufumbata kichwa cha maiki kwa kiganja, kwa kuwa hiyo peke yake inaleta mluzi. Kwa sasa feda zote mbili zinakaa kwenye alama ya sifuri, pale ambapo haziongezi wala kupunguza sauti, ninavyotaka mimi, na geini nimeziwekea alama ya kalamu kwenye utepe.

Nilimuuliza ustadhi anajionaje. Akasema, "Mimi mwenyewe sijisikii tofauti, mwanangu, ila leo wa kule mwembeni wanaitikia."

Kimebaki kitambaa cha koti kinachosugua maiki akigeuka. Kesho nitaukunja waya kitanzi kimoja nyuma ya klipu, nijaribu na kipande cha sponji.