Ulibatizwa lini?

Jumamosi, usiku wa manane. Nimetoka kwa jirani yangu wa mlango wa tatu, nguo zinanuka ubani na kahawa ya kukaangwa, na usingizi umenipaa.

Alikuwa ameniomba tufanye mazoezi ya mahojiano yake ya ukimbizi. Mimi niwe afisa, yeye ajibu. Ananiita Mwalimu tangu ajue nafundisha watoto kanisani kila Jumapili, basi akaona maswali ya dini nitayaweza. Hata mimi nilidhani hivyo.

Yeye ni Mpentekoste kutoka Eritrea. Kwao, tangu Mei 2002, serikali inatambua dini nne tu: Waorthodoksi, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu wa Sunni. Walio nje ya hizo wakikutwa wanasali pamoja sebuleni wanabebwa. Mashahidi wa Yehova walionja mapema zaidi: mwaka 1994 rais aliwavua uraia kwa amri, na watatu waliokamatwa mwaka huohuo walitoka gerezani Desemba 2020 bila kuwahi kusomewa mashtaka. Miaka 26!

Ila jirani yangu hazungumzii miaka. Anazungumzia kontena. Lile la chuma, la meli, kama haya tunayoyageuza maduka hapa Eastleigh, Nairobi. Kwao hufungiwa watu, na kaka yake alikaa humo. "Mchana unapikwa, usiku unaganda," aliniambia huku akipepea makaa. Kumbe ndiyo sababu hanunui chochote kwenye kile kibanda cha kontena pale steji. Siku zote nilidhani amekosana na mwenye duka.

Tukaanza. Jina, ulikozaliwa, njia uliyopita, yote akayajibu bila kusita. Nikajitia ukali: taja mitume kumi na wawili. Akafika tisa, akakwama, machozi yakaanza kumlengalenga. Kisha akanigeukia: "Mwalimu, taja wewe." Nilifika saba. Nikamtaja Yakobo mara mbili, na bahati nzuri walikuwa wawili.

Tukacheka, lakini lilinikaa rohoni. Mwongozo wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wa 2004 kuhusu madai ya hifadhi kwa sababu za dini unasema kumchimba mtu kuhusu mafundisho ya imani yake si lazima kila mara, wala si lazima kusaidie. Ni kweli. Bibi yangu hakujua kusoma na angeanguka mtihani huo, ilhali hakuna siku aliyolala bila kupiga magoti.

Swali lililomshinda kwenye mahojiano yake ya kwanza wala halikuwa la mitume. Aliulizwa: kwa nini hukusali kimyakimya, peke yako, ukabaki kwenu? Alinyamaza tu. Mimi lingenitoa maneno makali. Mwongozo uleule unasema mtu hatakiwi kuficha imani yake ndipo asalimike. Na anayeishi mtaa huu atajua kuna kichekesho ndani yake: hapa makanisa yana spika mpaka dirishani, kesha za Ijumaa hazituachi tulale, na mwaka jana nilitia sahihi barua ya kulalamika. Yeye alipofika, usiku wa kwanza aliposikia zile spika, alikaa kitandani mpaka alfajiri akisikiliza. Sikumwambia habari za barua.

Nikauliza la mwisho: ulibatizwa lini? Hapo hakuhitaji mazoezi. Usiku, ndani ya pipa la maji nyuma ya nyumba ya mtu, redio imefunguliwa juu ili majirani wasisikie maji yakimwagika. Anajua tarehe, anajua ilikuwa siku gani, anamkumbuka aliyeshika tochi na jinsi mkono wake ulivyotetemeka.

"Na wewe, Mwalimu?"

Sikujua. Nilibatizwa mchanga. Ikabidi nitoke kwenye kibaraza nimpigie mama, saa nne usiku. Mama akaangua kicheko: "Kwani unaolewa tena? Cheti kiko kwenye sanduku, utakichukua ukija Krismasi."

Niliporudi ndani alikuwa amemimina finjani ya tatu, na bisi zimeongezwa kwenye sinia. Finjani hiyo ya mwisho kwao huitwa bereka. Hakunitafsiria.

Mahojiano ni Alhamisi, saa mbili asubuhi. Nimeshaomba ruhusa kazini.